Kabureta inasingiziwa

Gari langu lilizima kwenye mlima wa kupandia Newala, jua likielekea kuzama, nyuma nina magunia manne ya mahindi na shemeji yangu kakaa juu yake. Halikuzima ghafla. Lilianza kukohoa, likapoteza nguvu kwenye gia ya tatu, nikarudi ya pili, likavuta kidogo, kisha likamisi mfululizo kama mtu mwenye kwikwi. Kwenye kona likakata roho. Shemeji akaruka chini na kutia jiwe nyuma ya gurudumu kabla sijamwambia, maana huku kazi hiyo kila mtu anaijua tangu utotoni. Vijana wawili wa bodaboda wakasimama. Mmoja hakuuliza lolote, aliinama penye injini, akanusa, akatoa hukumu: "Mzee, kabureta hiyo imekufa. Tafuta nyingine."

Nikatafuta. Nilinunua kabureta iliyotumika, kubwa kuliko ile ya zamani, nikijipa moyo kwamba mdomo mpana utameza hewa nyingi na gari litapanda kama swala. Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, ile ndefu, injini ya petroli ya silinda 4 yenye ujazo wa lita 2.286. Wiki ya pili likazima tena, kona ileile. Ndipo fundi mmoja wa Masasi, mtu mzima asiyependa maneno, alipofungua bakuli la kabureta yangu mpya, akalimimina kiganjani na kunionyesha. Ndani ya petroli palikuwa na tone la maji likibingirika kama zebaki, na kando yake chembe za vumbi jekundu. Akachomoa plagi, akaitazama, akanikabidhi bila kusema kitu. Haikuwa plagi ya gari langu.

Anayeijua Newala ataelewa kwa nini nilicheka badala ya kukasirika. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga unaomeza mvua yote. Juu hakuna mito, na kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni alfajiri wakapanda na maji kichwani. Mahali ambapo kila ndoo ina jasho lake, mimi nilikuwa nayapandisha maji kwa injini, bure, ndani ya tangi la petroli.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuudhi kidogo kwenye magereji. Mtu akisema kabureta imeharibika, namwomba kwanza anionyeshe plagi zake na mafuta yake. Mara nyingi kabureta haina kosa. Inasingiziwa kwa sababu ndiyo inayoonekana, ndiyo yenye skrubu za kuchezea, na ndiyo inayonuka.

Watu wa mjini hudhani kabureta ni habari ya makumbusho. Kwa upande wa magari mapya hawajakosea. Hata Wamarekani, walioipenda kuliko wote, wameiacha: mashindano ya NASCAR ya daraja la juu yalihamia mfumo wa kupuliza mafuta (EFI) mwaka 2012, na magari ya daraja la Pro Stock ya chama cha NHRA, yenye injini za karibu lita 8.2 na kabureta mbili kubwa juu yake, yakafuata mwaka 2016. Lakini simama nusu saa stendi ya Masasi utazame pikipiki zinazopakia abiria, zile za sisi (cc) 100, 125 na 150. Nyingi zina kabureta. Nenda shamba la mikorosho kati ya Juni na Septemba, wakati wa kupambana na ubwiriunga, usikilize mashine za mgongoni zinazopuliza salfa: kila moja ina kabureta isiyozidi ngumi ya mtoto. Ongeza jenereta za madukani, Land Rover kama yangu, Peugeot 504 zilizobaki, pikapu za Toyota za miaka ya 1980, na magari ambayo wenyewe waliyatoa EFI wakafunga kabureta ili wasihangaike na vitambuzi visivyopatikana karibu. Huku kusini kabureta haijawa kumbukumbu hata kidogo.

Wala shida yetu si ya peke yetu: wapo Wamarekani wenye gari moja tu. Jumatatu linawapeleka kazini, Jumamosi linakwenda kushindana kwenye barabara iliyonyooka ya mita 402, yaani robo maili, magari mawili kwa mawili. Kutwa wanaumiza kichwa: watumie mafuta gani na vifaa gani vya moto, ili gari litulie kwenye foleni na bado lichomoke taa ikiwaka? Ukiwaondolea kelele na matairi mapana, utakuta swali lao ni la mtu anayetoka Masasi, akavuka Mto Mwiti na kuukabili ukingo wa uwanda. Gari lilelile linatakiwa litulie kwenye sailensa, yaani likiunguruma bila kwenda, penye kizuizi cha mazao, kisha lipande na mzigo, mguu umekandamiza hadi mwisho. Tofauti ni muda. Mashindano yao humalizika kwa sekunde kumi na kitu, kisha injini hupumzika. Sisi tunakandamiza dakika kadhaa bila kuachia, kwa hiyo kosa ambalo wao wanasamehewa, kwetu linaunguza pistoni.

Kabureta yenyewe ni chombo chepesi kukielewa. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba, mwendo wake ukaongezeka na shinikizo lake likashuka. Petroli iliyo kwenye bakuli ikafyonzwa kupitia tundu dogo, ambalo mafundi huliita jeti, na kuingia kwenye mkondo huo. Boya na sindano yake hulinda kina cha petroli bakulini kama vile tangi la choo linavyojilinda. Lita moja ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa uzito ni sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, na injini ikibeba mzigo hutaka mchanganyiko uliokolea zaidi, karibu 12.5 au 13 kwa 1.

Ukishajua hivyo, hesabu ya ukubwa wa kabureta hufanyika nyuma ya bahasha. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ya kwangu, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ingevuta lita 4,572 za hewa kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa, na kwa kuwa hazijai kabisa, ni pungufu ya hapo. Pikipiki ya sisi 100 kwa mizunguko 7,500 inaishia lita 375. Hicho ndicho kipimo cha kiu yake, na kabureta kubwa haiiongezi. Kinachotokea ukifunga kubwa mno ni kwamba hewa hupita kooni kwa uvivu, haifyonzi petroli vizuri, na gari linakuwa zito hasa pale unapolihitaji: mizunguko michache, mzigo mwingi, gia ya pili. Kabureta yangu ya tamaa ilikuwa ya kushindana tambarare. Haikuwa na kazi Newala.

Wengine huleta hoja ya mwinuko, kwamba juu hewa ni nyepesi na jeti lazima zibadilishwe. Ni hoja ya kweli kwa Kitulo au Njombe. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 1 kila unapopanda mita 100, na kati ya Masasi na Newala tofauti ni mita mia chache tu. Athari yake kwenye mchanganyiko ni ndogo kuliko hatua moja ya jeti. Kijana anayekutoza hela kwa kutoboa jeti "kwa ajili ya mlima" anakuuzia hewa, tena hiyohiyo nyepesi.

Turudi kwenye petroli, maana hapo ndipo pesa ya kwanza inapotakiwa kwenda. Mafuta ya mikoa hii hushushwa bandari ya Mtwara, na EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Masasi na Newala zikiwa na mistari yake kwenye jedwali. Kwenye sheli yenye matangi yanayotunzwa, petroli huwa haina neno. Shida huanza inapotoka pale kwa dumu. Vijijini huuzwa kwa chupa za maji ya kunywa zilizopangwa juu ya meza juani, na simlaumu anayeuza wala anayenunua, maana sheli iko mbali na abiria anasubiri. Lakini petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini kuwaka asubuhi ya baridi, ndivyo vya kwanza kutoroka chupa inapofunguliwa na kufungwa mara ishirini kwa siku. Dumu lililokuwa la maji au la mafuta ya kula huongeza yake. Halafu kuna vumbi. Jeti ya kutulia ya pikipiki ina tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea. Chembe moja ya mchanga wa Tandahimba inatosha kuliziba.

Uchakachuaji nao una historia yake. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, yalimiminwa kwenye dizeli na petroli nchi nzima. Mwaka 2010 Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikanyauka. Tatizo limepungua sana, ila anayenunua kwa chupa hana kinga ya vinasaba. Mafundi wana kipimo chao: tone moja kwenye karatasi nyeupe, kivulini. Petroli safi hukauka na kupotea. Yenye mafuta ya taa huacha doa la grisi. Si maabara, lakini kimeniokoa mara mbili.

Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na neno hilo oktani linahitaji kusafishwa, kwa kuwa watu hulitumia kama vile ni kipimo cha nguvu. Oktani hupima uvumilivu: petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kulipuka yenyewe bila kusubiri cheche. Injini iliyotengenezwa kwa oktani 90 haipati nguvu ya ziada ukiipa 95 au 98. Inayodai 95 ukaipa chini ya hapo, itagonga mlimani, ule mlio wa kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, na ukiendelea kukandamiza huku ukidhani ni tepeti, pistoni itatoboka. Kuna vijana wanaoamini mafuta ya ndege hufanya gari likimbie. Ndege kubwa za abiria hutumia mafuta ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Petroli ya ndege ndogo za pistoni kweli ina oktani kubwa, lakini ina risasi, na imetengenezwa kwa injini zisizofanana na ya pikapu yako. Pombe aina ya methanoli, wanayoipenda washindanaji wengine, hutaka mchanganyiko wa sehemu 6.4 tu za hewa kwa 1, maana yake jeti zipitishe zaidi ya mara mbili ya petroli. Ukiimwaga kwenye kabureta isiyorekebishwa, injini haitakwenda popote.

Risasi niliyoitaja ilikuwa ikitiwa kwenye petroli yetu pia, ili kuinua oktani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Ni jambo jema kwa watoto wetu, maana risasi hudhuru ubongo. Kwa injini za kale, risasi ilikuwa pia ikilinda makalio ya valvu za eksozi. Bila risasi, injini yenye makalio laini ikipandishwa mlima mrefu kwa joto kali, valvu huzama polepole kwenye kichwa cha silinda na nafasi ya tepeti huziba. Mimi hupima tepeti kila baada ya miezi michache. Kwenye injini yangu ni milimita 0.25. Ikiwa inapungua yenyewe bila mtu kuigusa, ni habari mbaya, nayo haihusiani na kabureta.

Ukitaka kununua kifaa kimoja tu cha upande wa mafuta, nunua chujio lenye kioo au plastiki angavu, ulifunge kabla ya kabureta mahali unapoliona. Maji hukaa chini yake, na kutu ya tangi huonekana kwa macho. Sasa pampu. Hapa naomba unisikilize vizuri. Pampu ya kimakanika ya injini za kabureta, ile inayosukumwa na kemshafti, hutoa shinikizo dogo, la paundi 3 au 4 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu ya gari la EFI hutoa paundi 40 na zaidi. Nimeona pikapu iliyofungwa pampu ya EFI kutoka gari bovu kwa sababu "inasukuma vizuri", bila kipunguza shinikizo. Sindano ya boya haiwezi kuzuia nguvu hiyo. Petroli hufurika juu ya injini ya moto, sentimita chache kutoka kwenye eksozi na waya za plagi. Hilo si suala la misi tena. Ni moto.

Kuna pia kisa cha joto, ambacho huwachanganya wengi Oktoba na Novemba. Gari linapanda vizuri, linasimama kupakia, halafu haliwaki. Petroli imechemka ndani ya mpira uliopita karibu na eksozi, mvuke umekaa mahali pa mafuta, pampu inapampu upepo. Kitambaa chenye maji juu ya pampu huleta nafuu ya haraka, na dawa ya kudumu ni kuusogeza mpira huo mbali na joto. Ni kazi ya nusu saa, na waya wa kufungia.

Wenye mashine za mikorosho wana ugonjwa wao. Mashine hufanya kazi majira ya salfa, kisha hulala ghalani miezi saba au minane, petroli na oili vikiwa ndani. Vile vyepesi vyote hutoroka, kinachobaki huganda kama gundi ya rangi ya chai ndani ya jeti. Mwezi Juni unapowadia mwenye nayo huvuta kamba hadi bega linamuuma, kisha hutangaza kabureta imekufa. Kumimina tangi na kuiacha mashine iwake hadi ijizimie yenyewe, siku ya mwisho ya kupuliza, ni dakika tano. Nimesema hivyo kwa jirani zangu miaka mingi na bado nazizibua za kwao kila Juni, nyingine nalipwa kwa korosho.

Sasa moto wa cheche. Nikiwa na nafasi ya kumfundisha kijana wa gereji jambo moja tu, nitamfundisha hili: cheche hupata shida kuruka kadiri hewa inavyobanwa. Kwenye sailensa silinda hujaa kidogo, shinikizo ni dogo, hata koili iliyochoka hufanikiwa. Ukikandamiza mguu mlimani, silinda hujaa pomoni, shinikizo hupanda, na umeme uliokuwa ukiruka kati ya ncha mbili za plagi hutafuta njia rahisi: ufa kwenye kifuniko cha distribyuta, waya uliokauka, vumbi lenye unyevu. Ndiyo maana gari lenye cheche dhaifu hutulia vizuri kabisa mbele ya fundi, likazima kwenye kona ileile. Nalo hufanana kwa kila kitu na gari lililokosa mafuta. Hapo ndipo kabureta inaponunuliwa bure.

Kutofautisha kunawezekana bila mashine yoyote. Njaa ya mafuta huja taratibu: gari linavuta sekunde kadhaa, linalegea, unaachia kidogo, linapata nafuu. Misi ya moto hukatakata, kama mtu anayezima na kuwasha swichi, na pengine eksozi inapiga bastola. Ukivuta choki nusu wakati linalegea na likapata nguvu, lilikuwa na njaa. Likizidi kuharibika, tazama moto. Halafu subiri usiku, ufungue boneti gizani, injini ikiunguruma. Usiku wenye ukungu Newala, au Januari mvua zinapokolea, waya mbovu huonyesha vimulimuli vya buluu vikicheza juu yake. Ni tamasha zuri sana kama gari si lako.

Plagi ndicho kifaa kidogo chenye makosa mengi zaidi. Kila plagi ina kiwango chake cha joto: ya baridi huondoa joto haraka, ya moto hulihifadhi ili ijiunguzie masizi. Kiwango hicho huandikwa kwa namba, na hapa ndipo mtego ulipo. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch, namba ikiwa kubwa ni ya moto zaidi. BP6ES ya NGK inalingana na N9YC ya Champion na W7DC ya Bosch. Muuza duka anayesema "hii ni namba 9, ni kubwa kuliko 6, itakuvutia vizuri" hajui anachouza. Herufi nazo zina maana: kwa NGK, B ya mwanzo ni uzi wa milimita 14, D ni 12, C ni 10; E ni urefu wa uzi wa milimita 19, H ni 12.7. Fupi ukiifunga kwenye tundu refu, nyuzi zilizobaki wazi hujaa masizi. Ndefu ukiifunga kwenye tundu fupi, pistoni itaipiga. Niliyokuwa nimefunga mimi ilikuwa ya urefu sahihi, lakini ya moto kupita kiasi. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki, na pembeni ina vipele vya chuma kilichoanza kuyeyuka.

Mwenye gari la mbio hushuka hatua moja kwenye plagi ya baridi kwa sababu ya joto la kukandamiza. Nami kwa mlima wetu ningeshauri hivyo kwa anayepanda na mzigo kila siku, lakini si kwa bodaboda wa mjini anayesimama kila dakika, maana plagi baridi kwake itajaa masizi kabla ya adhuhuri. Mwanya wa ncha za plagi, kwa injini za pointi, zile swichi ndogo ndani ya distribyuta, ni karibu milimita 0.7. Kuupanua ili "cheche iwe ndefu" ni kumwongezea mzigo punda aliyechoka.

Nyuma ya plagi kuna koili. Mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikiwa na ukinzani wa omu 3, nyingine omu 1.5. Ya pili imekusudiwa gari lenye kipunguza umeme njiani. Ukiifunga kwenye mfumo wa kawaida wa pointi bila kipunguza hicho, siku mbili za kwanza gari litakuwa na cheche ya ajabu, utamsifu aliyekuuzia. Wiki ya pili pointi zimeungua na koili haishikiki kwa moto. Pointi zenyewe hutaka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, na kondensa nzima. Wapo waliohamia mfumo wa kielektroniki unaoingia ndani ya distribyuta, nami ni mmoja wao. Hauhitaji kurekebishwa na cheche haiyumbi. Lakini ukifa, umekufa, hakuna msasa wa kuufufulia. Sahani yangu ya pointi ya zamani iko kwenye sanduku la dashibodi, imefungwa kwenye soksi.

Madereva wa Safari Rally walijua tabia hiyo ya kubeba akiba. Mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa shule ya magari ya kabureta: Datsun 240Z, silinda 6, ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Kwenye magari ya kazi ya namna hiyo utaona koili mbili zimefungwa sambamba, moja inafanya kazi, nyingine inasubiri. Kubadilisha ni kuhamisha waya. Hakuna anayelitazama jambo hilo akaliita anasa.

Kwenye pikipiki, mahali pa pointi pamechukuliwa na CDI, kile kijiboksi cheusi chini ya tangi. Hapa pia soketi zinazofanana hudanganya: zipo za kulishwa na koili ya sumaku moja kwa moja, kwa umeme wa kubadilika wa volti mia na kitu, na zipo za kulishwa na betri. Ukizichanganya, ama haiwaki, ama moja inaungua. Na zipo zinazoitwa za resi, zisizo na kikomo cha mizunguko na zinazowahisha cheche kupita kiasi. Tambarare, mtu mmoja, ni raha. Ukiwa na abiria wawili na gunia kwenye mteremko wa Shimo la Mungu kule Newala, ukirudi juu, cheche iliyowahi mno hupambana na pistoni inayopanda, injini inagonga, na kijana huongeza mafuta.

Kabureta ile kubwa niliyoinunua bado iko nyumbani, juu ya kabati, imefungwa kwa gazeti. Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka Tandahimba mwenye pikapu inayozima mlimani. Ameambiwa ninayo, amekuja na pesa mkononi. Nikamkaribisha chai, tukatoka nje, nikamwomba plagi moja tu tuitazame. Aliniangalia kama mtu aliyenyimwa bidhaa dukani, lakini akaenda kuleta spana.